Julai Ndio Mwezi wa Kupanda Upya

Kufikia wiki ya kwanza ya Julai, bustani nyingi za nyumbani, kuanzia Mulot na Longisa hadi kwenye mashamba ya majani chai ya Konoin na Bureti, huwa zimeshapewa mgongo. Maharagwe yameng'olewa, mahindi mabichi yanachomwa, nyanya zimeanza kuungua majani, na sukuma wiki iliyopandwa mwanzoni mwa masika imerefuka shingo ikabaki na majani manne kileleni. Mwenye boma akitazama hali hiyo husema msimu umekwisha, akaweka jembe kando hadi mvua nyingine. Makala haya yanatetea maoni tofauti: katika nchi hii ya Kericho na Bomet, katikati ya mwaka ndio wakati wa kupanda kwa mara ya pili, na chakula kitakachokuwa mezani kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba huamuliwa na kazi ya Juni na Julai kuliko kazi ya wakati mwingine wowote. Anayeikagua bustani yake sasa, akang'oa kilichochoka na kusia mbegu mpya, atakula mfululizo. Anayengoja atanunua.

Mazoea ya kuiacha bustani Julai yana chanzo chake. Mahindi ndiyo yaliyotufundisha kuhesabu mwaka: unalima, unapanda mvua ikianza, unapalilia, unavuna, unapumzika. Hesabu hiyo inalifaa zao linalokaa shambani miezi mingi na kuvunwa mara moja tu. Mboga hazina tabia hiyo. Isitoshe, ushauri mwingi wa bustani unaozunguka kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya Uingereza na Marekani, ambako Juni ni kilele cha mwanga na siku huanza kufupika baada yake. Mjini London, tarehe 21 Juni ina zaidi ya saa 16 za mwanga, na ifikapo Desemba zinabaki chini ya 8. Mkulima wa kule anakimbizana na jua. Mulot iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na siku yake ndefu kuliko zote haiizidi ile fupi kwa hata dakika 10. Hapa jua haliufungi msimu. Vinavyouzuia mmea ni maji, baridi, magonjwa na udongo uliochoka, na vyote hivyo mwenye bustani anaweza kuvipangia.

Anza na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uzito wa Julai. Mbegu ya sukuma wiki hukaa kitaluni wiki nne hadi tano kabla ya mche kufaa kuhamishwa, kisha huchukua wiki sita hadi nane kabla ya kuchumwa mara ya kwanza. Baridi ya Julai na Agosti huongeza wiki moja au mbili juu ya hapo. Kwa hiyo mbegu iliyosiwa Julai mosi itachumwa kuanzia mwisho wa Septemba, na ikitunzwa itaendelea kutoa majani hadi mwaka mpya. Sasa mtazame anayengoja hadi Oktoba, sukuma ya zamani ikiwa imemwishia, ndipo anunue mbegu. Atachuma Januari, jua likiwa kali na kisima kimeshuka. Watu hawa wawili wametumia mbegu ileile na jasho lilelile, lakini mmoja ana mboga miezi mitatu ambayo mwenzake anamlipa mama mboga kila jioni.

Baada ya hesabu, ingia bustanini na ukague mmea mmoja mmoja. Sukuma wiki haihukumiwi kwa kimo chake. Shika jani changa la kileleni uligeuze. Likiwa laini na pana, mmea una nguvu, na unahitaji samadi tu pamoja na kuondolewa majani ya manjano ya chini. Majani mapya yakiwa madogo kuliko kiganja, au kikonyo cha maua kikianza kuchungulia, ng'oa. Huruma kwa mmea uliochoka ni hasara, maana unakula mbolea, unakunywa maji na kuwalea wadudu watakaohamia kwenye miche mipya. Vidukari navyo viangalie kwa makini kabla ya kukimbilia dawa. Ukiona kati yavyo vilivyovimba, vikawa vya kahawia, vimekauka na vina tundu dogo mgongoni, ujue nyigu wadogo sana wameshataga ndani yavyo na wanakufanyia kazi bure. Hapo osha kilele kwa maji au maji ya sabuni hafifu, uache nyigu waendelee. Ukinyunyiza dawa kali utawaua wao kwanza, na vidukari vitarudi vingi kuliko mwanzo.

Mboga za kienyeji zinahitaji uamuzi wa haraka zaidi kwa sababu maisha yake ni mafupi. Managu huchumwa wiki nne hadi sita baada ya kuota, na ukiyakata vilele kabla ya kutoa maua yatachipua pembeni na kuendelea. Saga hukimbilia maua mapema, hasa ikipata shida ya maji, na jani lake likishakomaa uchungu wake hauvumiliki hata ukilipikia maziwa. Dawa ya mboga hizi ni kupanda kidogo kidogo: mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, mwingine tena baada ya hapo. Ukimwaga mbegu zote siku moja utagawa mboga kwa majirani wiki mbili kisha ukae bila kitu. Zingatia pia mahali ulipo. Saga, terere na kunde hupenda joto, kwa hiyo Julai zinafaa zaidi pande za chini kama Mulot. Kwenye baridi ya ukanda wa majani chai, kipindi hiki kiwe cha managu, sukuma, kabichi, karoti, minji, dania na vitunguu. Na katika kila kundi acha mimea miwili au mitatu iliyo bora ikomae mbegu. Wengi hula ile mizuri na kuacha mbegu za ile mibaya, halafu wanashangaa mboga inavyodhoofika mwaka hadi mwaka.

Nyanya na viazi ndiyo mazao yanayowavunja watu moyo Julai. Asubuhi za umande na ukungu, pamoja na mvua za rasharasha, ndiyo hali anayoipenda kimelea wa ubaka, ugonjwa ambao madukani unaitwa blaiti. Ni kimelea yuleyule aliyeangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia 1845. Ukitaka kumtambua, geuza jani lenye doa jeusi lililolowa asubuhi na mapema: chini yake, pembeni mwa doa, utaona utando mweupe mwembamba. Katika bustani ya nyumbani, njia ya kwanza ni kuupa mmea hewa. Funga nyanya kwenye kijiti, ondoa machipukizi ya kwapani na majani yote yanayogusa udongo, na umwagilie shinani asubuhi, kamwe usimwagie maji majani jioni. Mmea ambao shina lake limeshashikwa ng'oa uuzike au uuchome, usiutupe kwenye mboji. Ukiamua kutumia dawa, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu, kwa kuwa mlaji wa kwanza wa nyanya hizo ni mtoto wako. Majani yaliyochorwa mapango meupe yenye kiwavi ndani ni habari nyingine: huyo ni Tuta absoluta, nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014, na majani hayo yakusanywe na kuharibiwa kabla hajazaliana.

Hapa mtu anaweza kupinga: udongo nao unahitaji kupumzika, na kupanda mfululizo ndiko kunakozalisha magonjwa. Pingamizi hili lina ukweli, na eneo letu limeulipia. Septemba 2011, tarafa ya Longisa, jirani na Mulot, ndiko kulikoripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili kwa pamoja. Mashamba yaligeuka manjano na kukauka mahindi yakiwa machanga, na kutoka hapo ugonjwa ukasambaa kaunti nyingine. Mahindi yaliyofuatana na mahindi, msimu baada ya msimu, yaliwapa virusi na wadudu wanaovibeba makao ya kudumu. Lakini angalia ushauri uliotolewa na wataalamu baada ya hapo: badilisha, panda zao lisilo la jamii ya nafaka. Hakuna aliyesema ardhi ilale tupu. Ardhi tupu huota magugu, na magugu mengi hufuga wadudu na virusi vilevile, huku mvua ikiubeba udongo wa juu kuelekea mtoni. Kinachotakiwa kupumzishwa ni jamii ya mmea.

Kwa hiyo kabla ya kusia, jua ndugu wa kila zao. Nyanya, viazi, pilipili, biringanya na managu ni jamii moja, na matunda damu yamo humohumo. Wengi hung'oa nyanya zilizougua wakapanda managu palepale wakidhani ni mmea wa porini usiodhurika, kumbe wameukaribisha ugonjwa kwa mlango wa pili. Sukuma na kabichi ni jamii nyingine. Maharagwe, kunde na minji ni ya tatu, na hizi huachia udongo rutuba ya naitrojeni. Vitunguu na karoti vina jamii zao. Utaratibu rahisi wa Julai ni huu: palipokuwa na maharagwe, hamishia sukuma, palipokuwa na sukuma, weka vitunguu au karoti, palipokuwa na nyanya, weka minji au kunde. Andika kwenye daftari la mtoto la zamani ulichopanda na wapi, kwa sababu baada ya misimu mitatu hakuna anayekumbuka.

Udongo wenyewe unatofautiana sana ndani ya safari ya saa moja kwa gari, na ushauri wa jirani wa upande wa pili unaweza kukupoteza. Majani chai hustawi kwenye udongo wenye asidi, wa pH kama 4.5 hadi 5.6, wakati mboga nyingi hutaka kati ya 6 na 7. Anayechukua kipande cha shamba la chai akapanda kabichi bila kurekebisha udongo ataona kabichi zimedumaa, na akizing'oa anaweza kukuta mizizi imevimba vifundo, ugonjwa unaopenda udongo wa namna hiyo. Tiba ni chokaa ya kilimo au jivu la kuni, viganja viwili kwa mita mraba, lichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usilichanganye na samadi mbichi, kwa sababu litaifukuza naitrojeni hewani. Ukishuka Mulot, ambako chai inawaachia nafasi mahindi na ng'ombe, hakuna sababu ya kumwaga jivu kwa mazoea. Huko udongo una kiu ya mboji na samadi iliyooza vizuri. Mwenye uwezo apime udongo kwanza. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo ambalo taasisi yake ya chai iko Kericho, hushughulika na mambo haya, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukuelekeza pa kupeleka sampuli.

Pingamizi zito kuliko yote ni maji. Kericho ya juu mvua haikatiki kabisa katikati ya mwaka, lakini kadiri unavyoteremka kuelekea Longisa na Mulot ndivyo inavyokuwa ya kubahatisha. Je, si upuuzi kumwambia mtu wa Mulot apande Julai? Jibu liko juu ya kichwa chake. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya mabati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita mraba 40 ikipata mvua moja ya milimita 25 imepokea lita 1,000, na hata sehemu ikimwagika bado mitungi 40 ya lita 20 imejaa. Kitanda cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 kinahitaji takriban lita 15 hadi 20 kwa siku isiyo na mvua, yaani mtungi mmoja tu. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa linakivusha kitanda hicho kati ya siku 50 na 65, na ukitandaza majani makavu au mabua ya mahindi juu ya udongo litafika mbali zaidi. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa ndizi na malenge, si mboga za kuliwa mbichi. Kitanda kimoja kinachopata maji kila siku kinazidi vitano vinavyokumbukwa Jumapili.

Kuna jibu jingine la swali la maji ambalo halifai, nalo ni kuteremka mtoni. Kingo za Mto Amala zina udongo mweusi unaovutia, na kiangazi kikikaza kila mtu hutamani kipande chake pale. Kanuni za maji za Kenya zimetenga ukanda wa ukingo usiolimwa, kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto, na sababu yake inaonekana kwa macho. Ukingo ukishalimwa, mafuriko ya kwanza hubeba mboga pamoja na udongo, na dawa za shambani huingia moja kwa moja kwenye maji ambayo jirani wa chini anachota. Amala hutoka Mau, huungana na Nyangores kuwa Mto Mara, na kutoka hapo hupita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Hakuna haja ya kuharibu mto wa nchi mbili kwa ajili ya kitanda kinachotosheka na mtungi mmoja.

Matunda hukaguliwa kwa jicho tofauti, kwa kuwa kosa la leo hujulikana baada ya miaka miwili. Kwa parachichi iliyounganishwa, iwe Hass au Fuerte, tafuta kwanza alama ya kiungo shinani. Chipukizi lolote lililo chini ya alama hiyo ni la mti wa mizizi, si la aina uliyonunua. Likiachwa litakua kwa nguvu na kukinyima chakula kichwa ulichokilipia, kwa hiyo likate likiwa bado laini. Usichimbe karibu na mti, maana mizizi ya parachichi iko juujuu na jeraha la jembe ni mlango wa ugonjwa wa kuoza. Tandaza majani kuzunguka mti, lakini yasiguse shina. Matunda yaliyoanguka chini, ya mapera, maembe au karakara, yaokotwe kila siku na kufukiwa kwa kina cha nusu mita. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 huzaliana ndani ya tunda lililoachwa kuoza, na mwenye mti mmoja mzembe hulisha nzi kijiji kizima.

Tatizo la kuvuna maparachichi machanga nalo halijaisha, hasa wanunuzi wanapopita na pesa mkononi. Parachichi haiivi mtini, hulainika baada ya kuchumwa, ndiyo maana ni rahisi kudanganyika. Chuma moja ulikate. Ganda la kokwa likiwa jeupe na nene, tunda ni changa na litanywea badala ya kuiva. Likiwa la kahawia na limekauka kama karatasi, limekomaa. Serikali imekuwa ikisimamisha mauzo ya parachichi nje ya nchi kuelekea mwisho wa mwaka ili kuzuia machanga yasiharibu jina la Kenya sokoni. Mwenye miti miwili nyumbani naye afuate kanuni hiyohiyo kwa ajili ya meza yake.

Limebaki pingamizi la wenye shughuli nyingi: mboga Julai ni rahisi sokoni, kwa nini nijisumbue? Ni rahisi kweli, kwa sababu kila bustani iliyopandwa masika inatoa kwa pamoja. Lakini anayepanda leo hapandi kwa bei ya leo. Bei hupanda bustani zote zinapokwisha pamoja, na bustani iliyosiwa Julai huwa ndiyo kwanza inaanza kutoa. Kuhusu muda, kosa la wengi ni ukubwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni, na watu wengi walijifunza vitanda vya kuinuliwa na bustani za gunia. Fikra ile ilikuwa sahihi, ila bustani huonyesha thamani yake pale inapoendelezwa baada ya shamrashamra za kuianzisha. Kitanda cha mita 5 mraba kinabeba mashina 22 ya sukuma yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 45. Shina likitoa jani moja au mawili kwa wiki, nyumba ina mboga ya siku kadhaa bila kwenda sokoni. Kazi yake ni dakika 20 asubuhi. Asiye na ardhi ya kutosha atumie magunia mawili karibu na mlango wa jikoni, mbali na kuku.

Basi Jumamosi hii usianze kwa kununua mbegu. Ingia bustanini na mfuko, ng'oa kilichochoka, okota yaliyooza, andika ulichoona. Safisha mfereji wa mabati kabla ya rasharasha nyingine. Kisha tengeneza kitalu kidogo cha sukuma, usie mstari mmoja wa managu, na utie alama kwenye kalenda siku ya kusia mstari wa pili baada ya wiki mbili. Fanya hivyo kabla Julai haijaisha, maana mbegu ya sukuma itakayoingia ardhini Oktoba haitailisha nyumba yako mwaka huu.